Sauti Zilizokuwa Nyuma ya Marvin

Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake cha mabati kilikuwa Kinoru, karibu na uwanja kiasi kwamba siku za mechi kelele za mashabiki zilitufikia kabla ya sauti ya redio iliyokuwa mezani. Shule zikifungwa nilishinda pale. Nilipewa kazi ya kusafisha hedi za redio kaseti kwa pamba iliyochovywa spiriti, nikitoa ule uchafu wa kahawia unaoachwa na kaseti za kunakiliwa, na nikimaliza nilimshikia tochi akilehemu waya. Redio ikishapona, hakuijaribu kwa stesheni yoyote. Alitia kaseti ileile siku zote, akairudisha nyuma hadi mwanzo wa “What's Going On” wa Marvin Gaye, akainamisha kichwa.

“Kijana, usimsikilize mwimbaji,” aliniambia. “Huyo hata redio mbovu itamtoa. Sikiliza walio nyuma yake.”

“Sawa, mjomba.”

Nilisikia besi ikitembea huko chini, ikija na kupotea. Nilisikia kitu kama watu wanaoongea. Zaidi ya hapo ulikuwa mvumo wa utepe. Mjomba aliridhika na kidogo hicho, kwa kuwa alijua spika ndogo inaweza nini na haiwezi nini. Mteja aliitwa, akalipa, akabeba redio yake.

Hivyo ndivyo nilivyoujua muziki wa soul: kama kipimo cha redio. Kaseti yenyewe ilikuwa imenakiliwa katika duka moja mjini Meru, enzi zile ulipopeleka orodha ya nyimbo pamoja na kaseti tupu ya dakika 60, ukarudi jioni kuichukua. Marvin alikuwa na nyimbo mbili tu humo, wa pili ukiwa “Mercy Mercy Me”. Nafasi iliyobaki waligawana Al Green, Percy Sledge na Otis Redding, na upande wa pili alikuwepo Jim Reeves, ambaye katika nyumba za kwetu hakukosekana. Jioni nyimbo za namna hiyo zilitujia pia kwa kipindi cha Sundowner cha idhaa ya Kiingereza ya KBC, zikipanda na kushuka kadiri mawimbi yalivyotaka.

Miaka ikapita, kaseti zikaisha, zikaja saiba. Kwenye saiba za mjini ungechomewa CD moja yenye nyimbo zaidi ya 100, zote MP3, kwa bei ya soda chache. Nikaipata albamu nzima kwa mara ya kwanza. Ilitoka Mei 1971, ina nyimbo tisa, na inachukua dakika 35 na ushei. Nilifurahi sana, na nashukuru hadi leo, kwa sababu bila MP3 kijana wa Kinoru asiye na pesa ya CD halisi asingeifikia albamu hiyo kabisa. Lakini kuna jambo lilinisumbua masikioni na sikujua nilitaje. Kila wimbo ulipokwisha palikuwa na kijikimya, kifupi mno, kisha unaofuata ulianza kama aliyesukumwa mlangoni.

Sababu niliielewa baadaye. Nyimbo sita za upande wa kwanza wa santuri ile hazina kituo kati yao. Mpangaji wa muziki David Van DePitte na Marvin waliziunganisha ziwe mwendo mmoja, wimbo ukizaliwa ndani ya uliotangulia, tangu salamu za mwanzo hadi mwisho wa “Mercy Mercy Me”. MP3 nayo hukata sauti katika vipande vya urefu maalumu, na huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili. Kwa nyimbo za kawaida hakuna atakayelalamika. Kwa albamu hii, kila kiungo kilikuwa kimevunjwa.

Afadhali nieleze mambo yalivyo, maana watu wengi huambiwa tu kwamba faili kubwa ni bora, basi. Walioiunda MP3, wakiwemo wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, walitumia udhaifu halisi wa sikio la binadamu: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo jirani nayo. Ile iliyofunikwa inaweza kupunguzwa au kuachwa, na msikilizaji asijue. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wataalamu hao, aliinoa kazi yake kwa kuusikiliza tena na tena wimbo wa Suzanne Vega, “Tom's Diner”, ambao ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala yoyote. Alichagua vyema, kwa kuwa sauti tupu ya mtu ndiyo iliyozianika hitilafu zote. Lakini mimi humwona yule mwanamke amesimama peke yake, pasipo mtu nyuma, nikaifikiria albamu ya Marvin iliyojaa watu hadi kwenye kuta. Programu ya MP3 hujiuliza, maelfu ya mara katika kila wimbo, ni nani asiyehitajika hapa. Jibu lake huwa ni wale wa nyuma.

FLAC, ambayo Josh Coalson aliitoa mwaka 2001, hufuata njia nyingine. MP3 hukata nguo ili iingie sandukuni. FLAC huikunja, na ukiikunjua unaipata ilivyokuwa, uzi kwa uzi. Gharama yake ni ukubwa. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa kila sekunde, wakati MP3 za saiba zilikuwa na 128, yaani chini ya sehemu moja ya kumi. Albamu hii ya dakika 35 ilikuwa kama MB 34 kwenye ile CD ya kuchomwa. Kwa FLAC inapita MB 200. Anayenunua bando kwa siku anajua maana ya tofauti hiyo. Nilipoinunua na kuipakua niliiacha simu dirishani usiku, mahali mtandao ulipokuwa na nguvu.

Na faili peke yake halitoshi. Hedifoni za Bluetooth kwa kawaida huibana sauti upya kabla ya kuirusha, kwa hiyo ukiwa na FLAC nzuri kabisa bado unaweza kuishia kusikia kitu kingine. Nilinunua hedifoni za waya na kidude kidogo cha kugeuza sauti kinachochomekwa chini ya simu. Si vya bei ya kutisha. Nikangoja jioni ambayo uwanja ulikuwa kimya. Tangu uwanja wa Kinoru uanze kujengwa upya kwa ajili ya mashindano ya CHAN 2018, ambayo Kenya ilinyang'anywa na kupewa Morocco, na hasa tangu sherehe za Madaraka zilipofanyika hapa tarehe 1 Juni 2018, jioni za kimya zimekuwa za kuotea.

Wale watu wanaoongea mwanzoni walikuwa watu kweli. Sijui nieleze vipi jambo hilo kwa asiyewahi kuwasikia kama mvumo. Mmoja yuko kushoto, mwingine amesogea nyuma, wa tatu anacheka huku akisalimia. Kati yao wamo Mel Farr na Lem Barney, wachezaji wa timu ya Detroit Lions, marafiki wa Marvin aliowaingiza studio ili wimbo uanze kama watu wanaokutana. Niliyekulia ukutani mwa uwanja nilikuwa nimewasikia wanamichezo miaka yote hiyo nikidhani ni uchakavu wa kaseti.

Kisha saksofoni ya Eli Fontaine inaingia. Inasimuliwa kwamba alikuwa anapasha tu ala yake moto, Marvin akamwambia kazi imekwisha, aende nyumbani. Ukiisikia pumzi yake ikigonga chombo kabla ya noti, unaamini. Halafu Marvin mwenyewe, na hapa ndipo nilipoisimamisha simu nikarudisha nyuma: wako wawili. Alikuwa ameimba wimbo mara mbili ili achague iliyo bora, fundi mitambo Ken Sands akazicheza zote kwa pamoja, na Marvin akapenda alichosikia. Mmoja anaanza sentensi, wa pili anaimalizia kwa njia nyingine, mmoja analalamika na mwingine anambembeleza. Kwenye kaseti ya mjomba walikuwa mtu mmoja mwenye sauti nene.

Tari na ngoma za mkono za Jack Ashford na Eddie Brown zilikuwa, kwenye MP3, mchakacho mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Sasa kila mtikiso ulikuwa na mahali pake. Ala za nyuzi, ambazo zilipigwa na wanamuziki wa okestra ya Detroit, zilikuwa na mikia. Noti haikukoma ila ilififia taratibu ndani ya chumba. Motown, kampuni ya Marvin, ilikuwa imerekodi muziki wake tangu 1959 katika nyumba ya kawaida ya barabara ya West Grand Boulevard, na chini ya paa lake walitengeneza chumba cha mwangwi. Mikia ya namna hiyo, iliyo myembamba kuliko vyote, ndiyo MP3 ndogo huipunguza kwanza. Ukipunguza mwangwi, umeondoa nyumba waliyokuwamo watu.

Besi niliiacha kwa makusudi, maana ningeweza kuiandikia kurasa nyingi. James Jamerson alipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Usiku wa kurekodi wimbo huu, inasimuliwa, Marvin alimtoa kilabuni akiwa amelewa kiasi cha kutoweza kukaa kitini, akapiga akiwa amelala sakafuni chali. Najua hadithi za wanamuziki hupambwa. Lakini ninachokisikia hakihitaji mapambo: besi haifuati wimbo, inauuliza maswali, inachelewa nusu hatua pale ambapo mpigaji mwingine angewahi. Unaifahamu zaidi ukifika “Mercy Mercy Me”, kwa kuwa hapo mpigaji ni Bob Babbitt, mkono mwingine kabisa, mzito na mnyoofu. Niliwadhania mtu mmoja tangu utotoni. Na jalada la albamu hii ndilo la kwanza ambapo Motown iliandika majina ya wapigaji wake. Watu hao walikuwa wamepiga nyimbo zilizotikisa dunia kwa miaka zaidi ya kumi bila kutajwa popote. Aliyewafuta hakuwa programu.

Jambo hilo lilinirudisha kwenye kaseti. Wimbo wa pili wa albamu, “What's Happening Brother”, haukuwa kwenye orodha ya mtu yeyote niliyemjua. Haukupigwa redioni, kwa hiyo hakuna aliyepeleka jina lake dukani. Ni wimbo wa askari aliyerudi nyumbani, na Marvin aliutoa kwa ndugu yake: mdogo wake Frankie alikuwa ametoka vitani Vietnam. Mtu huyo anauliza habari za mtaani, kazi zinapatikana wapi, timu inaendeleaje, watu siku hizi wanacheza wapi. Maswali madogo, kwa sababu makubwa hayatamkiki. Nilipousikia nilimkumbuka kijana wa jirani yetu aliyerudi kutoka Somalia, ambako jeshi la Kenya, KDF, liliingia Oktoba 2011. Alikaa nasi nje ya duka jioni nzima akiuliza nani ameoa na nani amehamia Maua, na sisi tukamjibu kwa vicheko, tukidhani ameuliza hayo tu. Wimbo huo ungalikuwa kwenye kaseti ya mjomba, labda ningalikaa naye muda mrefu zaidi.

Na huo “Mercy Mercy Me” nao, niliodhani naujua, kwenye kaseti nilikuwa sijaufikia mwisho. Ni wimbo kuhusu mazingira, mwaka 1971, wakati ambapo hata kampuni yake ilishangaa mwimbaji wa mapenzi anataka nini na samaki na upepo. Baada ya saksofoni ya Wild Bill Moore, pale ungetarajia wimbo ufifie kwa utamu, muziki unageuka giza, sauti zisizo na maneno zinapanda, kisha upande wa kwanza unakwisha hivyo. Yule aliyetunakilia kaseti alikuwa ameukata mwisho huo ili wimbo unaofuata uwahi kuingia. Sisi tukabaki na utamu. Wakati tukiucheza kibandani, msitu wa Imenti ulikuwa unakatwa kilomita chache kutoka tulipokaa. Shirika la wanyamapori la KWS lilipoukagua Mlima Kenya na Imenti kwa ndege mwaka 1999, lilikuta miti ya kafuri ikiangushwa kwa wingi, mashamba na bangi vikiwa katikati ya hifadhi. Mwaka uliofuata msitu wa mlima ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Hatukuhitaji Marvin atuambie, malori tuliyaona. Lakini nadhani wimbo unaokwisha kwa giza humfanya mtu atazame nje ya dirisha kwa namna ambayo wimbo mtamu haumfanyi.

Sitaki kumdanganya mtu. MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa vizuri ni vigumu mno kuitofautisha na FLAC, hata kwa masikio mazuri, na anayekuambia vinginevyo muombe ajaribu akiwa amefumbwa macho. Sehemu ya nilichokipata jioni ile ilitokana na waya, na kukaa kitako dakika 35 bila kushika kitu kingine. Ila FLAC ina jambo moja ambalo MP3 ya kiwango chochote haina: kutoka kwake unaweza kutengeneza nakala yoyote utakayo, na kutoka kwa nakala huwezi kurudi.

Motown ilizitunza kanda zake. Ndiyo maana mwaka 2001, miaka 30 baadaye, iliweza kutoa toleo lenye mchanganyiko wa kwanza wa albamu hii uliofanywa Detroit, kabla Marvin hajauchanganya upya Los Angeles. Nimeisikiliza michanganyiko yote miwili, na kwa ladha yangu ule wa Detroit, ulio mkavu na wa karibu zaidi, unawapa wapigaji haki yao. Ninachokionea wivu si ladha. Ni kwamba kuna cha kulinganisha.

Sisi nasi tulikuwa na soul yetu. Slim Ali wa Mombasa na Hodi Boys waliipiga katika kumbi za Nairobi miaka ya 1970. Sal Davis na Kelly Brown, wote watoto wa pwani, waliifikisha Ulaya. Ishmael Jingo aliimba “Fever” kwa nguvu ya mtu anayejua kwamba James Brown yupo na haogopi. Mwaka 2011 Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilikusanya kumbukumbu zao katika Retracing Kenya's Funky Hits, na mwaka 2013 Soundway ya London ikatoa mkusanyiko wa Kenya Special, ambamo utamkuta Slim Ali na Hafusa Abasi katika “Sina Raha”. Hizo ni kazi za kuheshimiwa. Lakini ukitaka kumsikia mpiga besi wa bendi ya Nairobi kwa namna ninavyomsikia Jamerson, mara nyingi njia iliyobaki ni santuri yenyewe, kama zile ambazo Jimmy Rugami anauza katika kibanda namba 570, Kenyatta Market. Ninayo moja ndogo iliyochakaa. Nimeiingiza kwenye FLAC, na FLAC imeihifadhi mikwaruzo yake yote kwa uaminifu. Hairudishi kilichokwisha kupotea. Ndiyo sababu ya kuharakisha.

Basi siku hizi naingiza kaseti za watu wa Kinoru. Si soul, ni kwaya, harusi, hotuba za wazee kwenye mahari, kijukuu anayesoma shairi la shule. Natumia deki moja niliyoirithi kibandani, nasafisha hedi kabla ya kila kaseti, narekodi kwa biti 24 na siondoi mvumo, kwa sababu programu za kuondoa mvumo huondoka na pumzi za waimbaji. Mwenye kaseti namtolea MP3 kwenye flashi, kwa kuwa redio yake ya mezani ndiyo inayosoma hiyo. FLAC nabaki nayo, na nakala nyingine huwekwa mbali na kwangu.

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea kaseti ya kwaya ya kina mama wa kanisa lao. Nilimpa hedifoni za waya asikilize FLAC kwanza. Alitulia ubeti wa kwanza wote. Kwenye wa pili akaniinulia mkono.

“Mwanangu, rudisha hapo. Huyo anayekohoa.”

Nikarudisha. Akamtaja. Kisha akamtaja aliyesimama kushoto kwake, na wa nyuma mwenye sauti nyembamba, na yule aliyekuwa akichelewa kila kiitikio kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni. FLAC ina nafasi ndani yake ya kuandika maelezo, kwa hiyo nilikuwa naandika kadiri alivyokuwa anasema. Wawili hakuwakumbuka. Anasema yuko mzee mmoja upande wa Kaaga aliyekuwa akiiongoza kwaya hiyo, naye bado ana masikio mazuri. Jumamosi tunampelekea.